Ardhilhali za Watu wa Pwani Mbele ya Baraza

Katika mji wa Mocímboa da Praia, kwenye pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, mtu atakaye kuishtakia serikali juu ya kisima kilichoharibika, au taka zilizorundikana sokoni, au shule iliyokosa mwalimu, hutakiwa kwanza atafute karatasi. Si karatasi yoyote ile, bali ni ule ukurasa wa mistari 25 ambao desturi yake ilianzwa na Wareno, na ambao juu yake huandikwa cheo cha anayepelekewa kwa heshima zote zimpasazo, kisha jina la mwombaji, mahali alipozaliwa, makazi yake na nambari ya kitambulisho chake, ndipo haja yenyewe ifuate, na chini kabisa, kabla ya sahihi, yawekwe maneno mawili, Pede deferimento, yaani mwombaji anasihi akubaliwe. Na yote hayo yaandikwe kwa Kireno, ambayo ndiyo lugha rasmi ya nchi, ilhali mwenye haja nyumbani kwake husema Kimwani, au Kimakwe, au Kimakonde, na sokoni na baharini husema Kiswahili. Basi humtafuta kijana aliyesoma, akamsimulia shida yake kwa lugha ya mama yake, na kijana yule akaigeuza kwa kadiri ya ujuzi wake. Na kinachofika mezani pa mkubwa mara nyingi ni shida ya yule kijana zaidi kuliko ya yule mwenyewe.

Si kwamba sheria ya Msumbiji imewanyima raia haki ya kudai. Katiba ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 79, imempa kila raia haki ya kupeleka maombi, mashtaka na malalamiko mbele ya mwenye mamlaka, ama kwa ajili ya haki yake iliyovunjwa, ama kwa maslahi ya watu wote, na sidhani kuwa maneno mapana kuliko hayo yangeweza kuandikwa. Mlango, basi, umefunguliwa; ila kizingiti chake ni kirefu, na wanaojikwaa hapo ni wale wale ambao mlango uliwekwa kwa ajili yao.

Jambo linalonitia huzuni zaidi ni kwamba pwani hii ina mazoea ya kale mno ya kuwaandikia watawala. Kisiwa cha Ibo kilipewa na Wareno hadhi ya mji wenye baraza lake katika karne ya 18, na ingawa baraza lile lilikuwa la wachache waliohesabiwa kuwa watu wa mfalme wa Ureno, masheikh, majumbe na watawala wa bara na wa visiwani hawakukosa njia ya kumfikia gavana. Waliandika barua. Waliziandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu walizojifunza chuoni, wakianza kwa salamu na dua na majina ya heshima, kama ilivyokuwa adabu ya uandishi tangu Lamu hadi Angoche, kisha baada ya salamu wakaingia katika shauri lenyewe: habari za njia na misafara, za biashara, za amani na vita, za ahadi zilizotimizwa na zisizotimizwa. Barua za namna hiyo zimehifadhiwa hata leo kwa mamia katika nyaraka za kale za taifa huko Maputo, na wataalamu kama Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamezishughulikia kwa bidii inayostahili kushukuriwa. Miongoni mwa waandishi wake wa mwisho wa karne ya 19 wamo Mwaliya Mwidala, mtawala wa nchi ya Medo, na Bwana Shaki bin Abdulatifu al-Mafazi.

Kwa upande wa gavana alikaa tarjumani wa serikali, mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo hasa, ambaye huipokea barua ya Kiswahili, akaifasiri kwa Kireno, na tafsiri yake ikawekwa pamoja na ile ya asili. Tusiipambe habari hii kupita haki yake. Wareno hawakufanya hivyo kwa kuwapenda watu, bali kwa kuwa nguvu zao zilikuwa haba, nao bila ya radhi ya wakuu wa pwani hawangeweza hata kutoka nje ya Ibo kwa salama; na wale walioandika walikuwa wakuu, si wavuvi wala wakulima. Lakini ukweli unabaki pale pale, kwamba mzigo wa kufasiri ulikuwa juu ya mtawala. Mtawaliwa alisema kwa lugha yake, na ilikuwa kazi ya serikali kumfahamu. Leo hii, baada ya uhuru na baada ya katiba, mzigo ule umehamishiwa kichwani pa mwenye shida, na wachache tu ndio wanaolitazama jambo hilo kama dhuluma.

Kampuni ya Niassa, iliyopewa nchi hii kwa hati ya mwaka 1891 na kuitawala hadi 1929, haikuhitaji barua za mtu, kwani ilichotaka ni kodi ya nyumba na nguvu za mikono, na vyote viwili iliviweza kwa kiboko. Baada yake serikali ya Ureno yenyewe ikaushika utawala, na wananchi wengi wakabaki chini ya sheria ya wale walioitwa wenyeji, ambayo haikufutwa ila mwaka 1961.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 16 Juni 1960, ndipo ilipopelekwa ardhilhali mashuhuri kuliko zote katika historia ya jimbo hili. Mueda haiko pwani, iko juu ya uwanda wa Wamakonde, lakini watu wake na watu wa pwani wamefungamana kwa ndoa, kwa biashara na kwa safari za kutafuta kazi Tanganyika, na wajumbe wenyewe, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, walitoka huko Tanganyika, walikokuwa wenzao wengi katika mashamba ya mkonge. Walikuja kuzungumza na wakuu habari ya watu wao kurudi makwao na kuishi kwa uhuru. Umati mkubwa ulikusanyika mbele ya ofisi ya utawala kusikia jawabu, na gavana wa jimbo akaja kutoka Porto Amélia, ndiyo Pemba ya leo. Jawabu lilikuwa ni kuwatia wajumbe mbaroni, na watu walipopinga, askari wakafyatua risasi. Kauli rasmi ya Msumbiji ni kwamba waliuawa watu wapatao 600. Wapo watafiti wanaotaja hesabu ndogo zaidi kwa mbali. Lakini hakuna anayekana kwamba watu waliokuja kusema walirudishwa makwao wakiwa maiti. Taifa limeitukuza siku hiyo, hata sarafu yake, metikali, ilianza kutumika tarehe hiyo hiyo mwaka 1980. Nami naona heshima iliyo kubwa zaidi kwa wale mashahidi ingekuwa ni kila ofisi ya jimbo hili kujua namna ya kumpokea mtu mwenye haja.

Na hapa yafaa nimfafanulie msomaji jambo moja ambalo huwachanganya hata wenyeji wenyewe, nalo ni kwamba mamlaka za kupelekewa haja haziko katika nyumba moja. Sheria ya mwaka 1997 iliunda manispaa, na uchaguzi wake wa kwanza ulifanyika mwaka 1998 katika miji 33, Mocímboa da Praia ikiwemo. Huko kuna rais wa manispaa na baraza la madiwani waliochaguliwa, ambao kazi yao ni masoko, taka, makaburi, barabara za mjini na ushuru wake. Kando yake, katika mji ule ule, kuna serikali ya wilaya chini ya mkuu wake anayeteuliwa, nayo ndiyo yenye shauri la walimu na wauguzi. Umeme ni wa shirika la taifa. Palma, wilaya ya jirani, haina manispaa. Huko na vijijini kote, tangu Kionga hadi Olumbi na Mbau, haja hupita kwa sekretario wa bairo, yaani mtaa, au kwa mkuu wa jadi, kisha kwa baraza la ushauri lililowekwa na sheria ya mwaka 2003, ambalo wajumbe wake hushauri lakini hawaamuru. Siku hizi, kwa watu wa Quitupo waliohamishiwa Quitunda kwa sababu ya mradi wa gesi wa Afungi, na kwa majirani zao wavuvi, pamezidi mlango mwingine, ule wa ofisi ya malalamiko ya kampuni ya gesi, na mimi siwezi kuona kheri katika hali ambayo raia humwendea mgeni mwenye mali kabla ya kumwendea mtawala wake.

Tuchukue mfano wa pampu ya maji, kwani hapana haja inayosemwa mara nyingi kuliko hiyo. Pampu ya mkono ya aina ya Afridev, iliyoenea Msumbiji nzima, ina vyuma virefu vinavyoshuka ndani ya bomba, na mwisho wake kuna vipira vinavyoyashika maji yapande. Vipira vikilika, mwanamke atapiga mkono wa pampu mara hamsini na ndoo haijai. Kwa sera ya maji ya nchi, kijiji hutakiwa kiwe na kamati ya maji inayochanga fedha za matengenezo madogo kama hayo. Basi wanawake waliovaa kapulana zao husimama mkutanoni wakasema maji hamna, na mkubwa hujibu kwamba kamati ndiyo yenye jukumu. Wanawake husema kamati haina fedha, na vipira haviuzwi dukani hapa. Mkubwa husema suala limenukuliwa. Hapo mazungumzo hufa. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyejibiwa, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa ni nani atakayeleta vipira, kwa fedha ya nani, na lini.

Rais Armando Guebuza, aliyetawala tangu 2005 hadi 2015, aliifanya desturi kuzuru wilaya na kuwaachia raia waseme mbele yake kwa kipaza sauti, na wengi walifurahi kwa kuwa walisikika na aliye mkubwa wa wote. Furaha ile naifahamu. Hata hivyo jawabu la namna hiyo huondoka pamoja na msafara wa magari, na baraza la pale pale, ambalo lingepaswa kulijibu shauri, hubaki limejifunza kwamba kusikiliza ni kazi ya mwingine.

Kisha ikaja vita. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa. Agosti 2020 mji wote ukaanguka mikononi mwa waasi, na haukukombolewa ila Agosti 2021, na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma nayo ilivamiwa Machi 2021. Watu walikimbilia Pemba, Mueda, Montepuez, na wengine Tanzania, na waliporejea Milamba na Nanduadua, mitaa ya Mocímboa da Praia, walikuta majengo ya umma yameharibiwa na nyumba zao zimeteketea. Wengi walikuwa wamepoteza vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho. Hebu na tuirudie ile karatasi ya mistari 25 na tuitazame kwa macho ya mtu kama huyo: yeye anakwenda kuomba kitambulisho kipya, au apate nafasi ya mtoto wake shuleni, na mistari ya kwanza ya ombi lake inamdai nambari ya kitambulisho ambacho hana.

Wapo wasemao kwamba vijana waliochukua silaha walisukumwa na dini peke yake, na wapo wasemao ni umaskini peke yake. Mimi sina uwezo wa kulikata shauri hilo. Ila najua kwamba katika mji ambao mwaka 2005 ulimwaga damu kwa ajili ya matokeo ya uchaguzi mdogo wa rais wa manispaa, imani kwa baraza ilikuwa imekwisha kudhoofika miaka mingi kabla ya risasi ya kwanza ya 2017, na kwamba imani hiyo haitarejeshwa na askari.

Yanayoweza kufanywa hayahitaji fedha nyingi. Kila baraza la pwani hii, liwe la madiwani au la ushauri, na liwe na tarjumani wake wa Kimwani na Kimakonde anayelipwa na ofisi, kama gavana wa Ibo alivyokuwa na wake. Na mtu aruhusiwe kusema haja yake kwa mdomo, karani aiandike kwa Kireno papo hapo na kumsomea mwenyewe kwa lugha yake kabla hajatia kidole gumba, asiulizwe nambari asiyokuwa nayo. Kisha kila kikao kianze kwa kusomwa haja za kikao kilichopita, moja baada ya moja, mbele ya waliozileta, na kando ya kila moja litajwe jina la ofisi iliyokabidhiwa, tarehe iliyoahidiwa, na kama vipira vya pampu vimefika au havijafika.