Biriani ya kweli Garsen: Msafiri ataijuaje kabla ya basi kuondoka?

MSAFIRI anayeondoka Mombasa alfajiri kuelekea Lamu huwa amekwisha kupita Kilifi na Malindi, na njaa imeanza kumsumbua, basi linapoingia Minjila na Garsen katika kaunti ya Tana River. Hapo, umbali wa takriban kilomita 110 kutoka Malindi, ndipo barabara hugawanyika: moja hushika njia ya Hola na Garissa, nyingine huvuka Mto Tana kuelekea Witu na Lamu.

Utingo hutangaza dakika chache za mapumziko. Nazo hoteli za kando ya barabara hutangaza, kwa rangi juu ya kuta zao, vyakula ambavyo asili yake ni ng’ambo ya Bahari Hindi: biriani, pilau, chapati, sambusa na bajia. Abiria hushuka, hutazama kulia na kushoto, kisha aghalabu huingia katika mlango ulio karibu zaidi na basi.

Kuchagua kwa namna hiyo ni kucheza bahati nasibu, na anayeshindwa hapotezi pesa peke yake. Mkurupuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 na kuendelea hadi mwaka wa 2023 ulizikumba kaunti kadhaa, Tana River ikiwa miongoni mwazo. Mtu akianza kuharisha ndani ya basi katika njia ya Lamu, hospitali kubwa iko mbali na choo kiko mbali zaidi.

Basi biriani ya kweli na iliyo salama hujulikanaje?

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja, nayo ni kwamba chakula cha Kiasia huwa halisi pale tu kinapopikwa na mtu wa kutoka Asia. Nchini Uingereza, mikahawa mingi inayoitwa ya Kihindi humilikiwa na familia zilizotoka wilaya ya Sylhet, Bangladesh, na vyakula vingi vinavyouzwa humo havijulikani huko Sylhet. Mwaka wa 2001 Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa nchi hiyo, aliutaja mlo wa kuku wa tikka masala kuwa chakula cha taifa la Waingereza. Hakukosea sana.

Biriani nayo ina makabila yake. Ile ya Hyderabad, India, huweza kupikwa kwa kulaza nyama mbichi iliyotiwa viungo chini ya wali uliochemshwa nusu, kisha mdomo wa chungu huzibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke. Ile ya Kolkata hutiwa viazi, jambo ambalo huhusishwa na jikoni ya Nawab Wajid Ali Shah aliyehamishiwa mji huo mwaka wa 1856. Biriani ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, ina mila tofauti: masala hupikwa katika sufuria yake na wali katika yake, na viwili hivyo hukutana sahanini. Anayekula Garsen ahukumu kwa sheria za Pwani. Mtu aliyeishi Hyderabad akilalamika kwamba nyama haikufukiwa ndani ya wali, huyo analalamikia biriani ambayo hakuna aliyemwahidi.

Kwa mila hiyo ya Pwani, masala ndiyo shahidi wa kwanza. Nyama, iwe ya mbuzi au ya ng’ombe, hulazwa katika tangawizi, kitunguu saumu, mtindi na papai bichi, kwa maana papai hulainisha nyama. Vitunguu vingi hukatwa vyembamba na kukaangwa hadi viwe vya rangi ya hudhurungi na vikauke, kisha huvunjwavunjwa ndani ya masala pamoja na nyanya, iliki, mdalasini na pilipili manga. Kazi hii haina njia ya mkato. Vitunguu vikiiva sawasawa, masala huwa mazito na yenye rangi ya udongo mwekundu, na mafuta hupanda juu yakaelea. Mpishi aliyeharakisha hujulikana kwa mchuzi mwepesi, mwekundu wa nyanya, wenye ukakasi kidogo ulimini. Huo ni mchuzi wa nyama, nao si mbaya kwa chapati, lakini usiuzwe kwa bei ya biriani.

Shahidi wa pili ni wali. Mpishi wa Pwani huuchemsha mchele nusu, akaumwaga maji, kisha akaurejesha sufuriani na kuunyunyizia mafuta yaliyokaangia vitunguu pamoja na zafarani au rangi ya chakula. Hufunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Kwa kuwa rangi hunyunyizwa na haikorogwi, punje hutoka mchanganyiko: nyingine nyeupe, nyingine za manjano, nyingine za rangi ya machungwa. Wali wote ukiwa wa manjano sawasawa kama uliopakwa, basi kilichotumika ni manjano, nayo ilikorogwa. Zafarani halisi ni ghali mno, na si haki kuidai katika hoteli ya njiani. Rangi ya kawaida inatosha mradi mpunyizo uonekane.

Mchele wenyewe si kipimo cha kutegemewa. Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mchele inaoula, Pakistan ikiwa miongoni mwa wauzaji wakuu, na hata jina pishori lahusishwa na mji wa Peshawar wa nchi hiyo. Ni kinaya, kwa sababu Wapokomo wamelima mpunga katika delta ya Tana kwa vizazi vingi, na mashamba ya serikali ya kunyunyizia maji karibu na Gamba yalitarajiwa kuufanya mpunga kuwa uti wa uchumi wa eneo hilo kabla ya mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 kuziharibu kingo zake.

Pilau hupimwa kwa namna nyingine, nayo ni rahisi zaidi kughushiwa. Rangi yake ya kahawia yapasa kutoka kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi karibu kuungua. Wapo wanaoipata kwa unga wa viungo wa pakiti au kwa rangi ya chupa. Mlaji autafute mkono wa mpishi sahanini: ganda la iliki, kijiti cha mdalasini, karafuu inayogongana na jino, mbegu za jira, ambazo wazee wa Pwani huziita uzile. Pilau ambayo haina hata kimoja kati ya hivyo, ilhali inanukia sana, ilitiwa harufu mwishoni.

Lipo pia ombi dogo ambalo humfichua mpishi kuliko maswali kumi: kuuliza kama kuna ukoko. Pilau iliyopikwa katika sufuria moja, nyama na mchele vikanywa supu pamoja, makaa chini na makaa juu, huacha ukoko. Wali mweupe wa jana uliochanganywa na mchuzi hauachi kitu. Katika hoteli nzuri ombi hilo huleta tabasamu, na mara nyingine jibu kwamba ukoko umekwisha kuliwa na wapishi wenyewe.

Msafiri kutoka bara asishangae akiletewa ndizi mbivu kando ya pilau. Kula wali kwa ndizi ni desturi ya Wasomali, na Garsen iko katika njia ya Garissa. Ndizi nazo hutoka katika mashamba ya kando ya mto. Jambo hilo laonyesha kwamba hoteli inawapikia wenyeji. Ndivyo ilivyo na achari. Tana River ni nchi ya maembe, na mpishi anayejiheshimu hutengeneza achari yake mwenyewe kwa maembe mabichi, pilipili na chumvi. Achari ya chupa ya dukani mahali ambapo maembe huoza chini ya miti ni ishara ya uvivu, na mvivu wa achari huenda akawa mvivu wa mengine.

Kuhusu nyama, Garsen ina bahati. Waorma na Wawardei ni wafugaji, na mbuzi huchinjwa karibu. Sahani moja ya pilau hukutanisha jasho la mfugaji na la mkulima, pande mbili ambazo zilipopigana mwaka wa 2012 na mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hiyo. Nyama njema huja na mfupa wake na huachana nao kwa urahisi. Vipande vidogo vya mraba visivyo na mfupa, vikavu kwa ndani, mara nyingi ni mabaki yaliyotiwa masala upya.

Je, ni wapi basi pa kuingia? Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kufuata madereva, kwa hoja kwamba wao hujua njia. Ushauri huo una kasoro kubwa. Ni desturi inayojulikana katika barabara kuu za nchi hii kwamba dereva na utingo hupewa chakula bila malipo na hoteli wanayoipelekea abiria. Basi kusimama mbele ya mlango fulani kwathibitisha mapatano, hakuthibitishi ladha. Wa kutazamwa ni wale wanaolipa kila siku na wasio na mahali pa kukimbilia wakidanganywa: wapagazi, waendeshaji bodaboda, wenye maduka, karani wa ofisi ya serikali, mzee aliyetoka msikitini. Wakijaa katika hoteli iliyo hatua mia moja nyuma ya kituo, hatua hizo mia moja zafaa kupigwa. Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri ndio wakati ambapo biriani hupikwa kwa wingi na kwa bidii. Mwezi wa Ramadhani, hoteli nyingi hazifungui mchana, na chakula bora hupatikana baada ya magharibi.

Wakati una uzito mwingine ambao wengi hawaufahamu. Wali una hatari yake ya pekee. Mchele mbichi huweza kubeba bakteria wanaoitwa Bacillus cereus, ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali uliopikwa ukiachwa uvuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu, na sumu inayoleta matapishi haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Garsen, ambako joto mara nyingi hupita nyuzi 30, ni mahali pazuri kwa bakteria hao. Chakula kilichopikwa chapasa kukaa katika joto la nyuzi 60 au zaidi hadi kitakapopakuliwa. Hakuna atakayebeba kipimajoto mfukoni, lakini kila mtu aweza kutazama sufuria: liko juu ya makaa au liko sakafuni? Kifuniko kinapoinuliwa, mvuke hupanda? Biriani ya saa sita iliyo moto ni bora kuliko biriani ya saa kumi yenye historia.

Kisha maji. Mto Tana ni wa tope, na maji ya jikoni hukaa katika mitungi na majerikeni. Hoteli yenye tangi lenye mfereji, na sabuni juu yake, imeonyesha nia. Beseni moja linalopokea mikono ya abiria arobaini ni onyo. Kachumbari, kwa kuwa haipikwi, ndiyo ya kuachwa kwanza wakati kuna habari za kipindupindu, na ndimu haiwezi kuchukua nafasi ya maji safi. Sheria za afya ya umma zinataka mahali pa kuuzia chakula pawe na leseni, na wapishi na wahudumu wawe na vyeti vya kupimwa afya, ambavyo hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Karatasi hizo hutundikwa ukutani. Kusoma tarehe iliyo chini yake huchukua muda mfupi kuliko kungojea chai.

Sambusa na bajia hazihitaji maneno mengi. Manda ya sambusa iwe nyembamba na ivunjike, na mafuta ya karai yawe yanaonekana chini. Yakiwa meusi, yamepita siku nyingi. Chapati iagizwe pale tu mpishi anapoonekana akiisukuma.

Kipimo kigumu kuliko vyote huja wakati wa mvua. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, na magari yakakwama. Katika siku kama hizo vitunguu, nyanya na viazi kutoka bara havifiki au hufika kwa bei isiyosemeka. Ukuta bado husema biriani, kwa sababu rangi haisombwi na mafuriko. Hoteli moja itapika kitu cha manjano na kukiita kwa jina hilo. Nyingine itamwambia mgeni, kabla hajaketi, kwamba leo biriani hakuna, kuna wali wa nazi na kambale wa mtoni. Mgeni huyo aketi, aagize kambale, na siku ya kurudi kutoka Lamu, barabara ikiwa kavu, aulizie biriani katika mlango huohuo.