Kampala, Nairobi, Lusaka: resto gani zenye matawi mengi zinastahili makuta yako?

Mfanyabiashara wa Butembo anayevuka Kasindi kwenda kununua bidhaa Kampala, mwanafunzi wa Bukavu anayesomea Nairobi, familia ya Lubumbashi inayopita Kasumbalesa kuingia Zambia: wote wakishuka kwenye basi wana swali moja. Kula wapi? Mbele yao kuna mabango makubwa yenye taa na majina wanayoyajua kutoka televisheni na simu. Wengi huingia kwa hamu, hulipa dola ambazo nyumbani zingelisha watu wanne, na wengine hutoka wakisema heri bugali na sombe.

Si kwamba resto hizo zote zinakula makuta ya watu bure. Zipo zinazostahili bei yake. Lakini kila moja ilijengwa juu ya chakula kimoja au viwili. Anayeagiza chakula hicho anakula vizuri. Anayeagiza kingine analipia bango.

Mwenye jina hakai jikoni

Jambo la kwanza la kuelewa ni namna biashara hii inavyotembea. Mara nyingi kampuni yenye jina haipiki yenyewe. Kampuni ya nchi husika hununua haki ya kutumia jina, mapishi na mashine, kisha hutoa sehemu ya mauzo yake kwa mwenye jina. Kwa KFC ya Kenya na Uganda, anayepika ni kampuni inayoitwa Kuku Foods. Viungo na namna ya kukaanga vinatoka kwa mwenye jina, lakini wafanyakazi ni wa hapo, na kuku pia anaweza kuwa wa hapo: Kenya, KFC hununua kuku kwa kampuni kubwa ya ufugaji ya Kenchic.

Ndiyo sababu bango moja linaweza kuwa na ladha nzuri katika mji mmoja na ladha ya kawaida katika mwingine. Na ndiyo sababu bei ni kali. Mteja analipa sehemu ya mwenye jina, kodi ya jumba katikati ya mji, mafuta ya jenereta na kodi ya serikali, ambayo ni asilimia 18 Uganda na asilimia 16 Kenya na Zambia. Kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye sahani.

Hata hivyo kuna faida ambayo msafiri asiidharau. Bei imeandikwa ukutani, na mgeni na mwenyeji wanalipa sawasawa. Kwa mtu asiyejua Kiluganda wala Kibemba, hilo peke yake ni pumziko. Kuna maji, kuna choo, na chakula cha leo kinafanana na cha jana.

KFC: kula kuku, acha mengine

KFC ilizaliwa Kentucky, Marekani, ambako Harland Sanders alianza kuuzia wasafiri chakula kando ya barabara mwaka wa 1930. Ufundi wake ulikuwa kukaanga kuku katika sufuria inayofungwa kwa presha, ili nyama iive haraka bila kukauka. Nairobi iliipata mwaka wa 2011, na Kampala mwaka wa 2013.

Kitu cha kuagiza hapo ni vipande vya kuku vyenye mfupa, wakati wateja ni wengi. Saa sita hadi saa nane mchana, au jioni watu wakitoka kazini, kuku anatoka kwenye mafuta na kwenda mezani moja kwa moja. Saa tisa au saa kumi, resto ikiwa tupu, vipande huenda vimekaa kwenye kabati la moto. Ngozi imelainika na ladha imepotea. Wali na mikate yenye nyama ndani havistahili safari. Kwa watu watatu au wanne, ndoo moja ya kuku ina nafuu kuliko kila mtu kuagiza sahani yake.

Anayetafuta McDonald's asipoteze siku. Jina hilo ni kubwa duniani, lakini halipo Kongo, Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi wala Tanzania. Barani Afrika liko katika nchi chache tu, kama Moroko, Misri na Afrika ya Kusini.

Café Javas na Java House: majina yanafanana, wenyewe ni tofauti

Wasafiri wengi huchanganya majina haya mawili. Café Javas ni ya Uganda, ya kundi la makampuni la Mandela, ambalo pia lina vituo vya mafuta vya City Oil. Java House ni ya Kenya; ilianza Nairobi mwaka wa 1999 kama duka la kahawa, kisha ikavuka hadi Uganda.

Kampala, Café Javas inajulikana kwa sahani kubwa. Bei yake inashtua mtu anayesoma menu kwa mara ya kwanza, lakini sahani moja inaweza kutosha watu wawili wasio na njaa kali, na wahudumu wamezoea kuleta sahani ya pili tupu mteja akiomba. Kinachobaki hufungwa kikabebwa. Kwa mtu aliyetoka Mpondwe usiku kucha kwenye basi, na ambaye hatakula tena hadi jioni, hesabu hiyo inakubalika. Samaki, nyama ya kuchoma na supu ndivyo vya kuagiza. Piza na vyakula vyenye majina marefu ya mbali havina sababu.

Java House inafaa asubuhi. Kahawa yake ndiyo iliyoipa jina, na mayai, mkate na matunda vya asubuhi vinakuja vikiwa vimetayarishwa wakati huohuo. Ni mahali pa kukutana na mteja, kuchaji simu na kungojea ofisi zifunguliwe bila kufukuzwa kwenye kiti. Kwa chakula cha mchana, pesa hiyohiyo ya Nairobi hununua zaidi katika vibanda vya ugali, sukuma na nyama vilivyo mtaa wa pili.

Upande wa Katanga: Nando's na Hungry Lion

Kwa wakaaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, njia ya karibu ni ya kusini. Lusaka kuna Nando's, resto iliyoanza Johannesburg mwaka wa 1987, baada ya Fernando Duarte na Robbie Brozin kununua resto ndogo ya Kireno katika mtaa wa Rosettenville. Kuku wake hakaangwi kwenye mafuta. Analowekwa kwanza katika viungo na pilipili, kisha anachomwa kwenye moto. Mchuzi wake unaitwa peri-peri, neno ambalo ni ndugu wa pilipili. Mkongomani hahitaji kufundishwa kuupenda. Kati ya majina yote makubwa ya ukanda huu, ndilo lenye chakula kilicho karibu zaidi na mdomo wa Kivu na Katanga, na ndilo ambalo mtu aliyekatazwa mafuta mengi anaweza kulifikiria. Bei yake ni kali. Nusu kuku kwa watu wawili, pamoja na kitu cha pembeni, inatosha.

Hungry Lion ni ya wenye makuta kidogo. Ilianza Stellenbosch, Afrika ya Kusini, mwaka wa 1997, chini ya kampuni ya maduka ya Shoprite, na leo ina matawi mengi Zambia; imefika hata Kongo. Inauza kuku wa kukaanga na friti kwa bei ya chini kuliko KFC. Ladha ni ya chumvi na mafuta, bila maajabu. Kwa mama mwenye watoto watatu wanaolia njaa katika kituo cha basi, kazi yake inaifanya. Kwa mtu anayetaka kula vizuri, hapana.

Mahali ambapo jina kubwa linashindwa

Kwa chakula cha kila siku, hakuna tawi linaloshinda malewa yenye wateja wengi. Kampala, rolex, ile chapati inayofungwa na mayai, hupikwa mbele ya mteja. Matoke yenye mchuzi wa karanga hayapatikani chini ya bango lolote kama yanavyopikwa na mama wa soko. Huko nyumbani, sambaza za Ziwa Kivu zilizotoka ziwani asubuhi, au mukeke wa Uvira, haziwezi kulinganishwa na samaki aliyekaa kwenye barafu wiki mbili.

Kinachotisha watu katika malewa ni usafi, na hofu hiyo ina msingi. Lakini wakaaji wa Beni na Butembo walijifunza kuchunguza. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, walizoea kutafuta ndoo ya maji na sabuni kabla ya kutafuta kiti. Jicho hilohilo linatosha popote: maji yanayotiririka, chakula kinachotoka motoni, sahani zinazooshwa kwa maji yanayobadilishwa, na wateja wengi kiasi kwamba chungu hakilali.

Somo la viazi la mwaka wa 2022

Mnamo Januari 2022, KFC ya Kenya iliishiwa friti. Wakenya walishangaa, kwa sababu viazi vilikuwa vinajaa katika masoko yao. Maelezo yalikuwa rahisi: friti hizo zilikuwa zinaletwa zimegandishwa kutoka Misri, na meli zilichelewa. Watu walikasirika kwenye mitandao, wakaitisha mgomo wa kutokula huko, na kampuni ikasema itatafuta wakulima wa Kenya.

Habari hiyo inagusa moja kwa moja wakulima wa Masisi, Kibumba na Lubero. Resto yenye matawi hainunui viazi kwa sababu ni vitamu. Inataka viazi vya ukubwa mmoja, vikavu ndani, mwaka mzima, na mahali pa kuvihifadhi vizuri. Viazi vilivyokaa kwenye baridi kali huongeza sukari, na vikikaangwa vinakuwa vyeusi. Bila barabara, ghala na usalama, mkulima wa Kivu atabaki akiuza gunia kwa bei ya hasara wakati friti zinavuka bahari.

Kwa hiyo swali la kula wapi si la tumbo tu. Resto inayonunua kuku, kahawa na viazi vya nchi yake inatoa chakula kibichi zaidi, na makuta yanabaki karibu. Mteja ana haki ya kumuuliza mhudumu: kuku huyu anatoka wapi, friti hizi zimekatwa leo au zimetoka kwenye pakiti?

Wenye resto wa Goma, Bukavu, Bunia na Uvira nao wana la kuchukua, na halihitaji kununua jina la Marekani. Java House ilianza na kahawa, na kahawa ya arabika inalimwa Idjwi, Kalehe na Minova. Bei iandikwe ukutani, maji yawepo mlangoni, chakula kiwe kichache na kipikwe vilevile Jumatatu na Jumamosi. Mteja aliyekula sambaza nzuri leo anataka kuzikuta kesho zikiwa hivyohivyo. Hapo ndipo tawi la pili linapoanzia.