Saratani ya mtoto na daktari aliye karibu

Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa pamoja na jamaa zake, ugonjwa wenyewe uwe unapona au hauponi. Kwa mtoto mwenye saratani, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ianze pale ugonjwa unapotambuliwa na iende sambamba na matibabu ya saratani. Aghalabu huachwa hadi wataalamu waseme hakuna la kufanya tena, na kufikia hapo mtoto ameshaumia miezi mingi bure.

Kwa makadirio ya WHO, watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini na za kipato cha kati hawafiki 30. Wengi huku kwetu hufika hospitalini wamechelewa, mboni ya jicho imeshakuwa nyeupe au taya limefura kwa ile saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda.

Katika Kaunti ya Taita Taveta, Kenya, umbali ni sehemu ya ugonjwa. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iko mjini Voi, lakini anayehitaji wataalamu wa saratani ya watoto kwa kawaida huelekezwa Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, kilomita 150 hivi, au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Familia ya Taveta iko karibu zaidi na hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, ila hapo kuna mpaka wa nchi mbili. Reli na barabara kuu hupita Voi. Lakini mzazi wa kijijini, Kasigau au Mgange, ana safari nyingine kabla ya kufika huko. Kati ya awamu moja ya dawa na nyingine mtoto hurudi nyumbani, na nyumbani ndiko homa hupanda usiku na mdomo hujaa vidonda.

Hapo ndipo kazi ya daktari wa familia ilipo. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuwafunza madaktari bingwa wa fani hiyo mwaka 2005, lakini hadi leo ni wachache nchini. Vijijini kazi yao hubebwa na afisa wa kliniki, muuguzi wa zahanati na mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Kilicho muhimu ni familia kumjua mtu mmoja wa kumpigia simu, naye awe na nakala ya barua ya hospitali kubwa: aina ya saratani, dawa alizopewa mtoto, tarehe ya kurudi.

Homa ndiyo mtihani wa kwanza wa mhudumu huyo. Dawa za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, kwa hiyo homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto huyu ni dharura. Katika maeneo yenye malaria ni rahisi kumpima malaria, kumpa dawa yake na kumrudisha nyumbani. Lakini maambukizi ya damu yanaweza kumwua kabla ya asubuhi. Anahitaji antibiotiki ya mshipa mara moja, kisha simu kwa wataalamu wake, wala asipelekwe Mombasa kwanza bila dawa.

Maumivu yana utaratibu wake. Mtoto mkubwa huonyesha kwenye picha za nyuso jinsi anavyoumia. Mdogo husomwa usoni, kwenye miguu anayoikunja, kwenye kilio kisichobembelezeka. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2012, uliofutwa mwaka 2019, ulikuwa na ngazi mbili tu: parasetamoli au ibuprofeni kwa maumivu madogo, mofini kwa ya wastani na makali. Ibuprofeni haifai pale chembe za kugandisha damu zimepungua, jambo la kawaida kwa watoto hawa. Kodeini iliondolewa, kwa sababu miili ya baadhi ya watoto huigeuza kuwa mofini kwa kasi ya hatari na mingine haiigeuzi kabisa.

Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, bila kusubiri alie. Hufunga choo, basi dawa ya kulainisha choo huanza siku hiyo hiyo. Hofu kwamba mtoto atakuwa mraibu huwashika hata wahudumu; ikitolewa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu, uraibu ni nadra mno. Sheria ya Kenya ya mihadarati ya mwaka 1994 inaidhibiti dawa hii, na ni haki idhibitiwe, lakini kufuli isiyo na mtu wa kuifungua usiku humwadhibu mtoto. Uganda, ambako Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, iliruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliofunzwa kuandika mofini mwaka 2004. Kenya ina Nairobi Hospice tangu 1990 na chama cha kitaifa cha huduma hizi. Njia ya kutoka huko hadi zahanati za Sagalla, Taita Taveta, bado ni ndefu.

Kuhusu kusema kweli, jamaa wengi huomba mtoto afichwe. Mtoto wa miaka 5 anaweza kuona kifo kama safari ya kurudi. Karibu na miaka 8 wengi wanajua ni cha moja kwa moja, na mara nyingi wameshasoma nyuso za watu wazima. Daktari aanze kwa kumwuliza mtoto anachojua na anachoogopa, nyanya au shangazi aliye na sauti nyumbani akiwepo. Ndugu zake nao waambiwe kwamba saratani haiambukizi na kwamba ugomvi wao haukuileta.

Mtoto akikaribia kufa, familia huulizwa mapema anataka kuwa wapi na nani aitwe usiku. Baada ya mazishi mofini iliyobaki hurudishwa kwenye famasia na kuandikwa kwenye rejista, na hospitali ya Mombasa huarifiwa isiendelee kumpangia mtoto siku za kliniki. Wiki chache baadaye daktari au mhamasishaji hupita tena kuona kama mama analala na kama wadogo wa marehemu wamerudi shuleni.