Mpande: Kombe la Bahari katika Nchi ya Shaba

Katika Mexico ya kale, mji wa Teotihuacan, uliokuwa bara mbali na pwani, uliagiza makombe kutoka bahari mbili, na makuhani wakayapuliza katika ibada kama mabaragumu. Bonde la Lualaba, ambako leo Kolwezi huchimba shaba na kobalti, nalo liliyatukuza makombe ya bahari; ila huku hayakupulizwa. Sauti ya utawala ilikuwa ngoma na kengele za chuma zisizo na ulimi. Kombe lilivaliwa kimya.

Kauri zilitangulia. Zimeonekana katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyofukuliwa na Nenquin mwaka 1957 na Hiernaux mwaka 1958, pamoja na mapambo ya shaba. Lakini lililopata heshima kuu ni mpande, yaani kitako cha duara cha konokono wa bahari wa jamii ya Conus, kilichokatwa, kikasuguliwa na kutobolewa tundu la uzi.

Kwa nini nchi yenye shaba tele itafute alama ya ufalme baharini? Shaba iliyeyushwa papo hapo, ikamiminwa katika umbo la msalaba, ikawa fedha. Mpande haikuweza kuzalishwa nchini. Ilipita mikono mingi, na kila mkono ukaipandisha thamani. Mwaka 1854 Livingstone, akiwa kwa Shinte, chifu wa Kilunda, aliandika kwamba makombe mawili ya aina hiyo yalitosha kununua mtumwa. Juu ya hayo palikuwa na weupe wake, kwani Waluba huuhusisha weupe na mwezi na roho za wahenga.

Msiri, ambaye baba yake alifanya biashara ya shaba, alitoka Unyamwezi akajiimarisha Bunkeya katika karne ya 19. Kwao mtemi alivaa kombe hilohilo, na Wasanga waliokuwa wenyeji walikwisha kuijua mpande. Mgeni akavaa alama ambayo wenyeji waliisoma bila mkalimani. Nadhani jambo hili halijapewa uzito wake katika maelezo ya kupanda kwa dola ya Wayeke, ambayo husifu mno bunduki.

Baadaye viwanda vya Ulaya vilitengeneza mipande ya bandia kwa udongo mweupe ule ambao Kiswahili nao huuita kauri. Kilichokuwa adimu kikaweza kununuliwa dukani.