Kipaji cha Mtoto: Tumsindikize Hadi Wapi?

Akina mama wengi wanaoleta watoto kliniki hutuuliza swali moja: "Mwanangu anapenda michezo kuliko chakula. Nimwache au nimzuie?" Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia habari za kijana wa Marekani, Auston Matthews, maana wazazi wake walilijibu swali hilo kwa vitendo.

Mchezo wake ni mpira wa magongo wa barafuni. Wachezaji huvaa viatu vyenye visu chini, huteleza kwa kasi kubwa, na badala ya mpira hupiga kisahani cheusi kigumu. Auston ni mshambuliaji.

Alizaliwa California tarehe 17 Septemba 1997, akalelewa Scottsdale, Arizona. Hiyo ni nchi ya jangwa, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Mwaka 1996 timu ya Coyotes ilikuwa imehamia huko, ikakaa hadi mwaka 2024. Mtoto alipelekwa kuitazama akiwa mdogo sana, akaupenda mchezo. Alicheza pia besiboli, tena vizuri, lakini wazazi walimwacha achague mwenyewe. Viwanja vya barafu vilikuwa vichache, hivyo mara nyingi alicheza katika uwanja mdogo, watatu kwa watatu. Kubanana huko kulimfundisha kugeuka upesi na kutawala kisahani katika nafasi finyu.

Mchezo huu ni wa gharama. Mama yake, mzaliwa wa Meksiko, alifanya kazi mbili ili gharama zipatikane.

Mwaka 2013 Auston aliondoka nyumbani kwenda Ann Arbor, Michigan, kwenye mafunzo ya vijana wa timu ya taifa. Katika mechi yake ya pili tu aligongana na mchezaji mwingine, akavunjika mfupa wa paja. Sisi wauguzi tunaujua mfupa huo: ndio mrefu na wenye nguvu kuliko yote mwilini, na kuunga kwake huchukua miezi. Hauharakishwi na kelele za kocha wala shauku ya mzazi. Kijana alikaa nje, akapona, akarudi. Msimu wa 2014-15 aliivunja rekodi ya pointi iliyowekwa na Patrick Kane katika mafunzo hayohayo.

Hapo likaja jaribu la pili. Ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, huchagua vijana wapya kila mwaka, na anayetaka kuchaguliwa lazima awe ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba. Auston alipungukiwa na siku mbili tu! Ikambidi asubiri mwaka mzima.

Hakuupoteza mwaka huo. Alikwenda Zürich, Uswisi, kucheza na watu wazima wanaolipwa mshahara. Mama yake hakumwacha aende peke yake. Alihama naye, pamoja na dada wa kijana, na baba akabaki Arizona kazini. Katika mechi 36 Auston alifunga mabao 24. Juni 2016 Toronto Maple Leafs walimchagua wa kwanza kabisa, na tarehe 12 Oktoba, katika mechi yake ya kwanza ya NHL, alifunga mabao manne. Hata hivyo timu yake ilifungwa 5-4.

Mama mpendwa, si kila mtoto atafika huko, wengi hawatafika. Lakini mambo haya yanamfaa kila mtoto apendaye michezo:

Kwanza, aonje michezo mbalimbali kabla ya kushikamana na mmoja, na achague yeye.

Pili, apate siku ya kupumzika kila juma na usingizi wa kutosha, kwa kuwa mwili wake bado unakua.

Tatu, maumivu yasiyokwisha, goti lililovimba au kuchechemea visidharauliwe. Akigongwa kichwa, atoke uwanjani siku hiyohiyo na asirudi kucheza kabla ya kupimwa. Akitapika, akisinzia ovyo au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Nne, tusimlipishe mtoto gharama zetu. Mama akisema, "Nimejinyima kwa ajili yako, na wewe unafungwa!" mtoto huanza kuficha maumivu yake asije akamwudhi mzazi. Sisi tunaokutana na watoto hao tunajua jinsi jeraha dogo lililofichwa linavyoweza kuwa kubwa.

Kumsindikiza mtoto si kumsukuma. Ni kuwa karibu anapovunjika, kusubiri naye mlango unapokuwa umefungwa, na kumpokea nyumbani vilevile, ameshinda au ameshindwa. Subira yavuta heri.