Mwanamke, Mali na Uwezo katika Fasihi ya Awali ya Marekani

Riwaya nyingi za awali za Marekani zasimulia habari za msichana aliyelaghaiwa, akaachwa, kisha akafa. Kwa muda mrefu zilichukuliwa kuwa mawaidha tu ya kuwaonya wanawali. Usomaji huo hautoshi, kwani chini ya mawaidha hayo mna suala la mali: ni ya nani, na nani aweza kuitumia.

Yafaa kwanza kuikumbuka sheria. Makoloni yalirithi kwa Waingereza kanuni iliyowahesabu mume na mke kuwa nafsi moja, na nafsi hiyo ilikuwa ya mume. Kwa kawaida mwanamke alipoolewa, fedha na vyombo vyake vilikuwa milki ya mumewe, wala hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake mwenyewe. Mjane na asiyeolewa ndio waliokuwa na haki ya kushika mali. New York, kwa mfano, ilianza kuirekebisha kanuni hiyo mwaka 1848.

The Coquette, riwaya ya Hannah Webster Foster iliyotolewa mwaka 1797 bila jina la mwandishi, yalidhihirisha jambo hili. Eliza Wharton, binti wa kasisi marehemu, asitasita baina ya Boyer, mchungaji, na Meja Sanford, adhaniwaye kuwa tajiri. Kumbe Sanford amefilisika, naye aoa mwanamke mwingine kwa ajili ya fedha zake. Eliza afia katika nyumba ya wageni baada ya kujifungua. Wasomaji humlilia Eliza, wakamsahau mke wa Sanford, ambaye mali aliyoingia nayo haikumwokoa mumewe na wadai. Basi asiye na mali ameangamia, na mwenye mali hakusalimika. Kwa hiyo kusitasita kwa Eliza si upuuzi mtupu. Ni jitihada ya kuurefusha wakati pekee ambao sheria ilimtambua kuwa mtu kamili.

Kwa Phillis Wheatley suala hili ni zito zaidi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mali. Alitolewa Afrika Magharibi akauzwa Boston mwaka 1761, na diwani yake ikachapishwa London mwaka 1773. Alipopata uhuru mwaka huohuo, alimwandikia David Wooster barua akiomba wapiga chapa wa New Haven wazuiwe kuitoa upya diwani hiyo, maana sasa alitegemea mauzo yake. Mtu aliyepata kununuliwa alikuwa akidai haki ya muuzaji. Mwaka 1778 aliolewa, akaingia chini ya kanuni ileile ya ndoa. Diwani ya pili aliyoitangaza mwaka 1779 haikutoka, naye akafa maskini mwaka 1784.

Ni dhahiri, basi, kwamba katika maandishi haya utajiri peke yake haukuwa uwezo. Mhakiki apimaye hadhi ya mwanamke kwa wingi wa mali yake hana budi kuuliza pia ni jina la nani lililoandikwa katika hati.