Swichi ya WiFi ya ploti imezima? Kabla ununue mpya, saka pawa saplai

Stima ikipotea mtaani saa mbili usiku, hakuna anayeshtuka. Shida huanza ikirudi. Taa zinawaka, friji zinaanza kunguruma, watoto wanapiga kelele za furaha, halafu wewe unayesimamia WiFi ya ploti unaangalia simu na kukuta meseji ishirini. "Boss, net iko wapi?" Unapanda hadi juu, unafungua kisanduku cha chuma. Ruta inawaka. Betri iko sawa. Swichi ni giza totoro.

Swichi ninayosema hapa si ile ya ukutani ya kuwasha balbu. Ni lile kasha bapa lenye matundu 24 au 48 ya kebo, linalogawa intaneti kwa kila nyumba, kila kamera na kila antena. Nyingi zilizoko mitaani, kwenye saiba na katika maabara za kompyuta za shule ni mitumba, zile tunaziita ex-UK. Ofisi fulani ng'ambo ilizitoa, zikaja kwa kontena, ukanunua kwa bei ambayo haingekupa hata robo ya mpya. Hapo hakuna ubaya. Ila kampuni iliyozitengeneza ilishaachana nazo kitambo. Chukua mfano wa Catalyst 3750-X ya Cisco: waliacha kuiuza mwaka wa 2016, na 2021 wakafunga huduma yake kabisa. Catalyst 2960-X nayo ikaondolewa sokoni 2022. Ukienda kwa wakala rasmi kuulizia pawa saplai ya mashine kama hizo, utapewa maji ya kunywa na karatasi ya bei ya swichi mpya.

Usilipe bado. Mara nyingi swichi yenyewe ni nzima. Bodi yake inaweza kukaa miaka mingi bila neno, lakini pawa saplai ina kapasita, vile vikopo vidogo vyenye majimaji ndani, na majimaji hayo hukauka kwa joto. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria: ukipunguza joto kwa nyuzi 10, kapasita huishi karibu mara mbili. Sasa fikiria kisanduku cha chuma juu ya paa kule Embakasi mwezi wa pili. Kapasita iliyochoka hujikokota tu mradi mashine haijazimwa. Ikizimwa ikapoa, haina tena nguvu ya kuanza upya. Ongeza na ule mshtuko wa stima inaporudi kwa kishindo, basi umejua kwa nini vifaa hivi hupenda kufa usiku wa blakauti.

Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha ni yenyewe. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani. Ifungue, badilisha fyuzi, jaribu kebo nyingine, jaribu soketi nyingine. Nimeona watu wakibeba swichi nzima kwa boda hadi tauni kumbe ni fyuzi ya bei ya chapati. Ukiondoa hayo yote na feni bado inazunguka sekunde mbili na kunyamaza, au unasikia tik-tik-tik, au swichi inajiwasha na kujizima kila ukichomeka antena nyingi, basi mgonjwa umempata.

Sasa twende sokoni. Luthuli Avenue, River Road na yale majumba ya kompyuta ya Moi Avenue yana karibu kila kitu, lakini ukiingia na kusema "nataka pawa saplai ya Cisco" utauziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji atakuletea kitu kinachofanana, atapuliza vumbi, atakuambia "hii ni sawa kabisa kaka, ni moja tu". Si moja. Nenda na namba. Ile ya 3750-X ina jina lake limeandikwa kwenye kibandiko: C3KX-PWR-350WAC, au 715WAC, au 1100WAC. Hizo tatu zinaingia kwenye tundu lilelile, na zinaingia pia kwa ndugu yake 3560-X, kwa hivyo usiulizie ya 3750-X peke yake. Wengi wanasahau hilo wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Kama swichi yako haina pawa saplai ya kuchomoa nyuma, ya kwake iko ndani na ina namba nyingine. Kwa Cisco, tafuta namba inayoanza na 341 kwenye kibandiko cha pawa saplai yenyewe. Hiyo ndiyo namba ya kuandika eBay. Na usishangae ukiona jina la Delta, Artesyn au Lite-On badala ya Cisco. Kampuni hizo ndizo huwatengenezea.

Halafu kuna mambo ya wati, na hapa watu huumia. Tuseme antena na kamera zako hupata umeme kupitia kebo ileile ya intaneti, mtindo unaoitwa PoE. Kiwango cha kwanza cha PoE kinaruhusu swichi itoe hadi wati 15.4 kwa kila tundu. Piga hesabu: matundu 24 mara 15.4 ni karibu 370, matundu 48 ni karibu 740. Ukiona swichi imeandikwa 370W au 740W, hizo namba zimetoka hapo. (Hii hesabu sikufunzwa darasani, chuo niliacha mwaka wa pili. Ni vibandiko vilinifunza.) Pawa saplai ya wati 715 haikupi 715 za kugawa. Swichi yenyewe inakula chake, na kwenye 3750-X unabaki na 435 za PoE. Ya 1100 inakuachia 800. Ukinunua ya 350 kwa sababu ilikuwa rahisi, swichi itawaka vizuri, utapiga picha utume kwa grupu, halafu jioni kila mtu akianza kuangalia mpira utagundua haitoshi kulisha antena zote.

Muuzaji akikubali, ijaribu hapohapo. Taa ya kijani haitoshi. Ichomeke kwenye swichi, unganisha vifaa vya PoE vingi uwezavyo, kaa nayo saa nzima, kunywa soda. Kwenye Cisco andika amri ya show env power, usome namba na wati zinazotokea, kisha ulinganishe na kibandiko cha nje. Vibandiko hubanduliwa na kubandikwa upya. Kama haziambatani, msalimie muuzaji uende zako. Na akikataa ujaribu, jibu umeshalipata.

Kuna njia ambayo mimi huipendelea kuliko zote: kununua swichi nzima ya aina ileile, yenye matundu yaliyoharibika. Wauzaji hawana haja nayo, hukuachia kwa bei ya kutupa, na unapata pawa saplai, feni na mfuniko kwa mkupuo mmoja. Uliza "mko na 2960 iliyokufa?" na uone watakavyokimbia nyuma ya duka. Ila hakikisha matundu ndiyo yamekufa. Usije ukabeba maiti mbili zenye ugonjwa mmoja.

Kama mjini hakuna, agiza. Uingereza ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu umeme wao na plagi zao ni kama zetu, na swichi nyingi tulizonazo zilitoka huko kwanza. Weka kwenye bajeti VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha, maana pawa saplai ni nzito na usafiri wake si mchezo. Ukiagiza Marekani, soma kibandiko kwenye picha. Kikisema 100-240V, haina neno. Kikisema 120V pekee, ukiichomeka hapa utasikia harufu kabla uone moshi. Wale mnaofanya kazi kwenye vyumba vya seva na mna Nexus za zamani, angalieni rangi ya kishikio. Bluu hutoa hewa moto upande wa matundu, maruni huvuta hewa kutoka upande huohuo. Usichanganye, zitapigana.

Swichi ndogo za matundu matano au manane ni rahisi zaidi, na ndizo huunguzwa sana. Zinatumia adapta za nje, na ule mdomo wa duara unaingia popote, ndiyo maana watu huchomeka ya spika kwenye swichi. Volti lazima zilingane kabisa: kama ni 9, tafuta 9. Ampea zinaweza kuwa sawa au zaidi, zisipungue. Angalia pia ule mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa, uonyeshe kitu kimoja kwa zote mbili.

Najua kuna mtu anasoma hii akiwa tayari ameshika bisibisi. Kubadilisha kapasita inawezekana na kuna mafundi hodari Nairobi, wape kazi. Wewe usifungue lile kasha dogo la pawa saplai kama hujafunzwa. Kapasita kubwa iliyo ndani inaweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Hakuna mteja wa WiFi wa kukulipia hiyo.

Nunua spea wakati swichi bado inawaka. Sema una wateja arobaini kwenye ploti tatu. Kuna dada anayefanya kazi za kunakili sauti usiku na analipwa kwa faili, kuna mvulana mwenye mtihani wa mtandaoni kesho asubuhi. Ukikaa siku nne bila net ukizunguka Luthuli, mtu wa kampuni kubwa atakuwa ameshapita kila mlango na vipeperushi vyake, na akishaingiza kebo kwa nyumba ya mtu, huyo hatarudi. Ukiwa na spea, ni dakika tano. Kama 3750-X yako ina tundu la pili tupu nyuma, iache hiyo spea mle ndani ikifanya kazi pamoja na ya kwanza. Moja ikifa hakuna atakayejua ila wewe. Na kama swichi yako ina soketi ya RPS nyuma, kuna mashine ya Cisco inayoitwa RPS 2300 inayoweza kuishikilia kwa nje. Nayo iliachwa kutengenezwa, lakini huonekana sokoni mara mojamoja na wengi hawajui ni ya nini, kwa hivyo bei hujadiliwa.

Spea ya kuweka kabatini isikae mwaka mzima bila kuguswa. Kapasita zisizotumika hudhoofika pia. Kila baada ya miezi michache ichomeke kwenye swichi kwa saa kadhaa, kisha uandike tarehe kwa kalamu ya maka juu ya kasha. Ile iliyokufa usiitupe kwenye pipa la ploti. Wape fundi achukue vipuri, au ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama WEEE Centre kule Utawala.